Drili ya Mlango wa Bafu

Ng'ambo, Tabora
6 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, mayu. Natumaini barua hii inakukuta umeshika kikombe cha uji na si kiuno, maana ndugu yangu Kashindye aliniambia nyonga imeanza tena kukusumbua tangu baridi ya Julai. Sisi huku tu wazima. Binti zetu wawili wako shule ya bweni, wanalalamikia maharage na wanazidi kunenepa. Mimi bado ni karani wa ghala la asali, napima ndoo za watu na kung'atwa na nyuki waliofuata mali yao mpaka mjini. Mke wangu Dafrosa naye ni mzima, anakwenda sokoni na kurudi kama kawaida.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya Kashindye, mama, ni redio. Anaiweka spika, mkewe anaacha sufuria jikoni, majirani wanasogeza vigoda, na jambo nililonalo siwezi kulisema mbele ya baraza zima. Nimempa barua hii Leodgar, jirani yangu anayefanya kazi reli, atashuka nayo Goweko kwa treni ya Jumanne. Nimeibandika gundi mara mbili. Wewe ulisomeshwa na masista na mpaka leo unasoma somo la kwanza kanisani bila miwani, basi isome mwenyewe, tena ukiwa umekaa.

Umeniambia Kashindye anahamia Urambo mwezi ujao kukodi shamba la tumbaku, kwamba huko hana nafasi ya kukuchukua, na kwamba kwa miguu yako huwezi kubaki peke yako mvua zikianza. Ukaniuliza kama unaweza kuja kukaa kwangu, katika kile chumba alichokuwa akilala mkwe wangu. Nitakujibu, lakini siwezi kukujibu kabla sijakueleza chumba hicho kilivyopata kuwa kitupu.

Mama mkwe alikuja kwetu Juni ya mwaka jana, baada ya mvua za Aprili kuuangusha ukuta wa nyumba yake hapo Goweko. Wewe mwenyewe ulimsindikiza stesheni na kumfungia karanga. Alikuwa Pelagia rafiki yako, mliimba kwaya moja mkiwa wasichana. Naandika jina lake kwa kuwa amekufa. Miezi sita tuliyoishi chini ya bati moja sikuwahi kulitamka, wala yeye langu, ila mara moja. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mkwe hupishwa njia, hatazamwi usoni, haliwi naye sinia moja, wala hasemeshwi ana kwa ana. Sheria hiyo iliwafaa babu zetu waliokuwa na maboma ya kupoteza ng'ombe ndani yake. Katika nyumba ya vyumba vitatu Ng'ambo, yenye ua wa kupita kwa ubavu, ni adhabu. Yeye akitoka chumbani mimi nilijifanya nakagua dari. Mimi nikiingia uani yeye aligeukia ukuta kama mtoto aliyekosa. Nilikuwa mgeni katika nyumba niliyoijenga.

Dafrosa akiwepo, maneno yalipitia kwake. Dafrosa akiwa sokoni, mkwe alisema na jogoo. Usicheke, mama. Alikaa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo, akamwambia jogoo amwarifu mwenye nyumba kwamba maji yamechemka, au kwamba mwenye nyumba ametafutwa na watu wa mtaa. Nami nilimjibu jogoo kwamba nimesikia. Jogoo mwenyewe alikuwa zee, hana akili hata ya kukwepa bodaboda, lakini ndiye aliyekuwa mkalimani wetu na kazi aliiweza.

Sasa, bafu letu unalikumbuka, liko nje, kona ya ua, na halikuwa na mlango. Lilikuwa na gunia. Miaka minane gunia lilitosha, kwa sababu mimi na Dafrosa hatukuwa na la kufichana. Dafrosa alishaniambia mara tatu tangu mama yake aje kwamba niweke mlango, nami nikamwambia mwezi huu, mwezi ujao. Agosti upepo ukaja. Nilikuwa na povu machoni, nikasikia ubaridi ambao haukuwa wa maji, na nilipofumbua macho gunia lilikuwa juu ya mpapai na mkwe amesimama hatua nne kutoka kwangu, mkononi ana jagi la kwendea chooni. Alifanya kama anavyofanya mwanamke aliyelelewa. Alijifunika uso kwa khanga, akageuka, akarudi ndani bila kukimbia. Kama angeishia hapo, mama, huenda leo angekuwa hai.

Lakini jioni ile alikaa kwenye kigoda, akamwita jogoo, akamwambia kwamba hata yeye Mungu alimpa manyoya, basi amwambie mwenye nyumba kuwa hata ng'ombe hufungiwa mlango. Alisema kwa sauti ya chini. Naamini hakutaka kuniaibisha, alitaka mlango. Ila upande wa pili wa ukuta alikuwapo jirani yetu Abbasi anaosha baiskeli, na Abbasi ana masikio ya sungura na mdomo wa debe tupu. Alicheka mpaka akakaa chini. Ijumaa nilipopita kijiweni kwenye kahawa, watu wazima wenzangu waliniamkia Gunia. Wiki iliyofuata mrina asali kutoka Sikonge, mtu nisiyemjua, aliweka ndoo zake kwenye mizani yangu akauliza kama huyu ndiye Gunia. Nina miaka arobaini na saba. Nimezikwa hai kwa jina hilo, na mpaka leo ndilo ninaloitwa.

Nilikwenda kwa Ratilal, lile duka la vifaa vya ujenzi ambako zamani baba alinunua misumari. Mzee Ratilal siku hizi anakaa tu mlangoni na gazeti, anayeuza ni mjukuu wake Umang, kijana mwenye adabu anayempa shikamoo hata mpita njia. Nilimwambia nataka kutoboa ukuta wa tofali niweke mlango. Angeweza kuniambia nimlipe fundi, ningemaliza siku moja. Lakini mimi nilitaka nionekane nimefanya kwa mkono wangu, mtaa mzima unione, labda jina lingefutika. Umang akanitolea drili tatu za umeme akazipanga mezani. Ya kwanza ilikuwa ya mafundi, bei yake unanunua mbuzi na watoto wake. Ya pili ilikuwa ya katikati. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya chungwa, elfu sabini na tano, ndani ya boksi la plastiki pamoja na biti kumi na mbili za kutobolea. Hakunidanganya. Aliniambia hii ni ya matumizi ya nyumbani, si ya kutafutia riziki. Nitoboe dakika kumi niipumzishe kumi, nisiilalie kama jembe, na ikianza kunuka moto niache. Akaichomeka kwenye soketi ya dukani nijaribu. Ilinguruma hivi kwamba mzee Ratilal alishusha gazeti akaziba masikio, na mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua vitasa akatoka nje. Niliipenda pale pale.

Mlango niliuweka Jumamosi moja, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Unakwaruza chini kidogo lakini unafunga, una bawaba tatu na komeo. Abbasi alikuja kuufungua na kuufunga mara tano, akasema kweli mimi ni mwanamume. Mkwe alimwambia Dafrosa anishukuru. Drili ya bei nafuu imenilipa siku moja, nilijisemea, na ningeirudisha kwenye boksi lake mambo yangeisha.

Sikuirudisha. Niliona nyumba ina kazi nyingine. Nilimwekea mkwe vigingi vya kutundikia khanga zake. Nikamwekea rafu ya vikombe, kisha rafu ya pili. Nikamtobolea mahali pa kutundika picha ya Mama Bikira Maria, baadaye nikaona imekaa upande, nikatoboa tena. Nikaweka fimbo ya pazia. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali kwetu walikishangaa chumba kile, wakamwambia Dafrosa kwamba wao wakwe zao hulala na magunia ya mahindi. Hakuna aliyemsikia mtu yeyote akilalamika, na mimi mwenyewe nilianza kusifiwa mpaka kazini.

Oktoba mkwe alipelekwa kupimwa, wakamkuta na presha, wakamwambia apunguze chumvi na apate utulivu. Dafrosa aliniomba usiku ule, kwa upole, kwamba niiache ile mashine walau mwezi mmoja, kwa sababu mama yake halali mchana tena na mikono imeanza kumtetemeka. Nilimwambia nimeelewa. Wiki iliyofuata nilirudi kwa Umang nikanunua grenda, nayo ya bei ya chini, ya kukatia vyuma. Nilisema wezi wamezidi Ng'ambo, nataka kumwekea mama yetu nondo za dirisha. Nani angebisha na mtu anayemlinda mkwe wake? Kazi ya nondo sita niliifanya kwa siku kumi na moja.

Desemba, mvua ya kwanza iliponyesha, mkwe alimwambia binti yake amekumbuka shamba lake na anataka kupanda mahindi. Dafrosa alilia, akamwambia nyumba yake haina ukuta. Akajibu kwamba turubai linatosha. Mengine unayajua kuliko mimi, maana ulikuwa unampelekea uji. Februari kifua kilimbana, na moyo haukuwa na nguvu ya kushindana nacho. Wewe ndiye uliyemwosha. Na kwenye mazishi, mama, mbele ya jumuiya yote ya Goweko, ulinishika mkono ukasema kwamba mkwe anayemtengenezea mama wa mkewe chumba kwa mikono yake amebarikiwa tangu tumboni. Watu waliitikia amina. Nami nikasema amina.

Nisikilize sasa. Kuta za chumba kile hazikuhitaji kitu. Siku ile ya mlango wa bafu, drili ilipowaka mara ya kwanza, nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa anasali rozari. Aliruka, rozari ikamdondoka, akabaki ameshika masikio na macho ameyafumba. Nilisikia raha, mama. Sina neno jingine la kuliita. Nilikuwa siruhusiwi kumkaripia, siruhusiwi kumjibu, siruhusiwi hata kununa mbele yake, na hapo nikagundua nina kitu cha kusema naye ambacho mila haijakikataza. Babu zetu hawakuwa na umeme.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikirudi kutoka kazini saa tisa, saa ya rozari yake na ya kujilaza, nachomeka drili sebuleni, natoboa ukuta unaotenganisha sebule na chumba chake, kwenye usawa wa kichwa cha kitanda. Shimo likifika ndani naliziba kwa sabuni ya mche na chokaa, kesho natoboa pembeni yake. Zile rafu na picha zilikuwa za kuonyesha watu. Niliipumzisha mashine dakika kumi kama nilivyofundishwa, nikawa nasikia upande wa pili anaanza upya Salamu Maria, nami namngoja afike katikati. Nilikuwa mwangalifu na mashine kuliko na mtu.

Bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Siku moja kabla hajaondoka, Dafrosa alikuwa sokoni. Mkwe alitoka chumbani akaja mpaka mlango wa sebule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nikiwa ndani. Hakumtafuta jogoo. Alipiga magoti, mama, mzee wa miaka sabini na mbili, akageuza uso pembeni kwa ajili ya heshima yangu, akaniita kwa jina langu la ubatizo. Aliniuliza, Revocatus, baba, nilikukosea nini? Kama ni lile neno la mlango, nimekuja kulirudisha.

Alivunja kwa magoti yake kila kitu alichofundishwa tangu usichana, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine iliyobaki. Ningeweza kusema neno moja. Hata kwa jogoo ningeweza kulisema. Nami nilijiambia kwamba mkwe hasemeshwi, kwamba yeye ndiye anayevunja mila na si mimi, na kwamba mtu mwenye adabu humgeuzia mkwe mgongo. Basi nikamgeuzia mgongo, nikaweka biti ukutani, nikabonyeza swichi. Nilitoboa mpaka moshi ukatoka na mashine ikazimika yenyewe. Nilipogeuka hakuwepo. Nilisikia anafunga mizigo yake.

Hayo hakuyasema kwa mtu, hata kwa binti yake, hata kwako uliyekuwa unamlisha. Ningeweza kunyamaza nayo mpaka kaburini, na ndivyo nilivyokusudia. Lakini Jumapili iliyopita nilimwambia Dafrosa kwamba umeomba kuja. Alisema ni vizuri, mzazi ni mzazi. Jumatatu akaingia chumbani kukipaka chokaa mpya kwa ajili yako, akavuta kitanda, akaanza kuukwangua ukuta. Sabuni ikaanza kudondoka. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta amekaa sakafuni, ameyachokonoa matundu yote, sabuni ameikusanya kwenye ungo. Yalikuwa mia moja na kumi na tisa, aliyahesabu. Alikuwa anaingiza kidole kwenye moja, anakitoa, anaingiza kwenye jingine. Aliinuka akanipakulia ugali.

Jumanne alikwenda mjini. Alirudi na kifurushi kutoka kwa Ratilal. Ndani ya drili, mama, kuna vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyogusisha umeme, na vikiisha mashine inakufa. Ndivyo ilivyokufa yangu. Dafrosa alikuwa amenunua vipya, na Umang amemwonyesha namna ya kuvibadili, ni suala la skrubu mbili tu. Alivibadili mwenyewe mezani, mbele yangu. Akaichomeka, ikanguruma, akaizima, akaifuta vumbi kwa khanga ya mama yake, akaifungia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Alfajiri ya leo nimejaribu kulifungua pindo hilo akiwa amelala, akanishika mkono bila kufumbua macho.

Wewe na Dafrosa hamkatazwi kusemeshana. Mnaweza kugombana, mnaweza kutukanana na kupatana siku hiyo hiyo kama wanawake wowote wa nyumba moja. Hana haja ya mashine ili kusema na wewe, lakini ameifufua. Ndiyo maana naogopa, na sina mdomo wa kumkataza, kwa sababu neno lolote nitakalolisema ninalijua jibu lake.

Kwa hiyo usije. Mbembeleze Kashindye akuchukue Urambo hata kama ni kulala bandani, au waombe masista. Najua Kashindye atakataa na najua masista wamejaa. Ukikaa peke yako mvua zitakukuta huna wa kukuchotea maji, na watu watasema Revocatus aliyemtunza mkwe amemtupa mama yake. Waache waseme. Ukitaka kunilaani nilaani, ila kwanza nenda kwenye kaburi la rafiki yako umwambie nilichokwambia, kwa kuwa mimi nimekwenda mara mbili na mara zote nimesimama nimempa mgongo.

Nisalimie Kashindye na mkewe na watoto, na jirani zetu wote wa hapo kanisani. Dawa ya kuchua nyonga nimempa Leodgar, ipake jioni. Dafrosa ameniona naandika. Amesema nikusalimie sana, nikwambie chumba kiko tayari, kitanda amekirudisha pale pale kilipokuwa, na kwamba anakungoja kwa moyo wote.

Mwanao,
Revocatus